Sayari Nne Juu ya Al Thumama

Septemba ya mwaka wangu wa tatu Doha, nilikuwa mlinzi wa geti la nyumba moja mtaa wa Al Thumama, karibu na uwanja wa ndege. Jioni moja nilimwonyesha dereva Mganda wa nyumba ya jirani sayari nne angani: Zuhura, Mshtarii, Zohali na Mirihi. Akacheka.

“Ndugu yangu, hizo ni ndege zinasubiri kutua.”

“Basi tungoje.”

Tulisimama jasho likitutiririka. Ndege zikashuka moja baada ya nyingine, zile nne zikabaki palepale. Nikampa darubini yangu ya mkono, akaielekeza kwenye Mshtarii.

“Ina watoto pembeni!” akapaza sauti.

“Hiyo ni miezi yake.”

Akawaita wenzake. Mimi niliyeachia shule darasa la saba, jioni ile watu sita walipanga foleni getini wakiniita mwalimu.