Mizinga Sita ya Shangazi

Kikundi chetu cha bustani kilikuwa na utaratibu wake wa kupeleka habari. Jambo likitokea, mtu mmoja alitoka kwa miguu, akapiga hodi nyumba hadi nyumba, na hakuondoka mlangoni mpaka mwenyeji ayarudie maneno yale kwa mdomo wake. Nilipomaliza chuo na kurudi Mbozi bila kazi, niliucheka utaratibu huo. Nikafungua kundi la kuchati kwenye simu. "Sasa habari itafika kabla mtu hajavaa ndala," niliwaambia, nao wakapiga makofi.

Msimu huo tulipanda miti ukingoni mwa shamba kubwa la kahawa, njia ya kwenda Mlowo. Chini yake tukaotesha alizeti, mrehani na kunde, ili nyuki wapate chakula hata kahawa isipochanua. Nyuki wenyewe walikuwa wa shangazi yangu. Mumewe alipofariki alimwachia mizinga sita ya magogo, imening'inia kwenye miti ya migrevilea nyuma ya nyumba. Kila asubuhi shangazi alisimama chini yake akisikiliza. Wakivuma, alisema, mzee yupo.

"Shangazi, hao ni wadudu wanapiga mabawa."

"Na wewe ukiongea, si koo tu linatikisika? Mbona tunakuitikia?"

Alikuwa na hofu moja, dawa ya kuua wadudu wa kahawa, maana huua na nyuki. Mwenye shamba alikubali kunijulisha siku moja kabla ya kupuliza, ili shangazi azibe milango ya mizinga kwa majani mpaka dawa ikauke.

Siku ilipofika alinipigia jioni. Nikaandika kwenye kundi: kesho alfajiri wanapuliza, shangazi ajulishwe. Majibu yakamiminika, dole gumba juu ya dole gumba. "Pamoja, msomi wetu." "Imefika hiyo." Shangazi ana simu ya kitochi, hayumo kwenye kundi. Nililijua hilo. Kila mtu alilijua. Kila mmoja aliona majibu ya wenzake, akaamini yupo aliyekwenda. Kutoka mlangoni kwangu hadi kwake ni hatua hamsini.

Asubuhi nilimkuta amechuchumaa kati ya alizeti zetu, akiokota nyuki mmoja mmoja na kuwaweka kwenye ungo. Wengine bado walikuwa hai, wamelala chali, wakizunguka pale pale chini. Nikamweleza kila kitu: simu, kundi, majibu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mlijua," alisema. "Wote."

Hakunigombeza. Miti ikashika, alizeti zikafunguka, nami nikaacha kupita pale mchana. Maua mengi vile, na hakuna kinachovuma. Ukimya ule ulinifuata mpaka chumbani. Nilijaribu kuuhoji kama ninavyohoji mambo yote: ukimya si kitu, hauwezi kumfuata mtu. Ukanifuata hivyo hivyo.

Wiki kadhaa baadaye shangazi aliniita, akanionyesha ngazi.

"Panda. Masikio yangu siyaamini tena. Kama kuna hata mzinga mmoja unaovuma, iache yote, nitaendelea kungoja. Kama hakuna, ishushe tuipasue kuni, nimuage mzee nipumzike. Na usinihurumie, msomi. Niambie kilichopo."

Mizinga mitano ilikuwa magogo makavu. Nilipobandika sikio kwenye wa sita, ulivuma. Sauti ya chini, ya taratibu, kama mtu anayeguna kabla ya kujibu. Nikafungua kifuniko. Masega matupu na utando wa buibui. Nikakirudisha, nikasikiliza tena. Ulivuma.

"Vipi huko juu? Mbona umeganda?"

Nimesoma. Najua kwamba sikio likibanwa kwenye kitu chenye uwazi huweza kusikia mapigo ya mwenye sikio. Nikaondoa sikio kwenye gogo, nikamtazama chini.

"Kimya, shangazi," nilisema. "Yote."

Akatikisa kichwa, akaenda kuleta shoka. Mitano niliipasua mimi. Wa sita aliutaka mwenyewe. Aliupiga polepole, na kati ya pigo na pigo alisimama, akainamisha kichwa karibu na gogo. Mimi nilikaa pembeni nikiomba, sijui nilimwomba nani, asisikie kitu.