Picha ya Kifua Niliyomficha Mke Wangu

Nilimdanganya daktari aliyekuwa akiutafutia uhai wangu njia. Sikupotoshwa na mtu, ndugu zangu. Kosa ni langu kuanzia neno la kwanza.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kufika kwetu Sapiwi, na hospitali za watu binafsi zikafunguliwa Mwanza. Kikohozi kikanipeleka huko pamoja na mke wangu, Kabula. Daktari aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga, akanionyesha kivimbe katika pafu la kulia, kidogo kama punje ya choroko.

"Mwalimu, umewahi kupigwa picha ya kifua? Ikiwepo ya zamani, nitalinganisha. Kama hakijakua, huenda ni kovu tu. Kama ni kipya, nahofia saratani, itatubidi tupasue."

Nilikuwa nayo! Nilitibiwa kifua kikuu kabla ya kuoa, nikaficha ili wakwe wasininyime binti yao. Na Kabula ameketi pale pale.

"Hapana, daktari," nikajibu. "Hii ndiyo ya kwanza."

Loo, ujinga ulioje! Niliona heri nipasuliwe kifua kuliko kuumbuka mbele ya mke niliyeishi naye miaka kumi na minane.

Nikarudi nyumbani kuaga kabla ya kupasuliwa. Nikawagawia wadogo zangu wawili ng'ombe wote, kwa utaratibu, rangi kwa rangi. Nikalia. Wakalia. Wakawaswaga kwao.

Asubuhi ya safari, Kabula akaweka bahasha ya kaki juu ya mkoba wangu. Picha yangu ya zamani!

"Umeitoa wapi?"

"Sandukuni, chini ya vitabu vyako vya Kilatini. Naijua tangu mwaka tuliooana. Hata baba alijua ulivyougua kabla hajapokea mahari."

"Mbona hukumwambia daktari?"

"Nilitaka nione utafika wapi, Baba Masanja. Kumbe ulikuwa tayari kufa kwa aibu!"

Daktari akazipanga picha mbili, akapima kwa rula. Kivimbe kilekile, hakikuongezeka hata unywele. Kovu! Nikamkumbatia daktari, nikamkumbatia muuguzi, nikamkumbatia na mgonjwa mmoja mlangoni ambaye hadi leo simjui. Nilicheka hadi kikohozi kikaanza upya!

Nikawaendea wadogo zangu.

"Kaka," akasema Sitta, mkubwa wao, kwa upole mwingi, "ng'ombe wameshazoea malisho ya huku. Ila maziwa, karibu unywe."

Ukiulizwa na daktari uliwahi kuugua nini, sema yote, hata mwenzi wako akiwa amekukodolea macho. Mimi mapafu yangu ninayo yote mawili. Ng'ombe ndio sina!