Mstari wa Chini Kabisa

Mama yangu alitulea kwa sheria moja: mgeni huanza kukusoma kwenye mlango wako. Miimo ikiwa myeusi kwa vidole vya watoto, hata ukimchinjia kuku, atarudi kwao na habari ya vidole. Sheria hiyo nilisafiri nayo kutoka Kenya hadi Birmingham, na ndiyo iliyoniponza katika nyumba moja ya Moseley.

Nilikuwa nikimhudumia bibi Mjerumani aliyekuwa amepita miaka tisini. Miguu ilikuwa imemwacha, macho yanamuaga, na moyo wake ulikuwa umechoka. Sote tulijua hana miezi mingi. Mimi nilikuwa wa asubuhi. Jioni alikuja dada mmoja Mzanzibari, kazi yetu moja. Bibi aliolewa na askari Mwingereza baada ya vita, akaletwa hapa akiwa kijana. Mume alikufa, mtoto wao wa pekee akahamia Kanada. Nilipokuwa nikimwogesha alinisimulia kijiji chake, na mimi, ambaye sijawahi kukanyaga Ujerumani, nikakijua kama njia ya kwetu ya kwenda kisimani.

Ni barabara moja tu, alisema, iliyobanwa kati ya mto na mlima. Mlima wote ni mizabibu, na umesimama hivi kwamba zabibu hushushwa kwa vikapu vya mgongoni. Mwenye magoti mabovu huachiwa jikoni. Kanisa liko juu, maana mababu hawakuwa wajinga. Nyumba ziko chini, maana riziki ilikuwa chini. Reli iko ng'ambo, na baba yake ndiye aliyekuwa na kivuko cha kuwavusha watu kwenda kupanda treni. Miaka mingi, theluji ikiyeyuka, mto uliingia nyumbani bila kupiga hodi. Watu walipandisha vitanda na viazi ghorofani. Maji yakianza kupungua, hawakungoja yaishe. Waliingia na mafagio, maji yakiwa bado magotini, wakasukuma matope yatoke nayo, kwa sababu tope likikauka sakafuni halitoki ila kwa sururu.

Hapo nilimpenda kabisa. Watu wanaofagia kabla maji hayajaisha ni watu wa aina yangu.

Kisha, alisema, kila baba wa nyumba alichonga mstari ukutani pale maji yalipofika, na mwaka wake. Jina halikuandikwa. Ukuta ni wa fulani, kila mtu anajua.

Siku mwanawe alipopiga simu kwamba anakuja, nikaivamia ile nyumba. Kwenye mwimo wa mlango wa jikoni kulikuwa na mistari ya penseli, kama saba hivi, na mmoja peke yake chini ya mingine. Nyumba ile ililea mtoto. Nikasema hiyo ni mistari ya kumpimia urefu, na mtoto mwenyewe sasa ana mvi. Nikaleta magadi, maji moto na waya wa kusugulia sufuria. Nilipomaliza ubao uling'aa, na nikajisifu.

Nilimsukuma bibi kwenye kiti chake cha magurudumu kuelekea jikoni akanywe chai. Mlangoni akaniambia nisimame. Akautazama ubao kwa karibu.

"Umemfuta," akasema.

Nikamuuliza nimemfuta nani.

Jirani yao kule kijijini, alisema, alikuwa muuza vitambaa, Myahudi, mwenye binti wa umri wake. Mwaka mmoja, mafuriko yalipoondoka, muuza vitambaa alichonga mstari wake, na binti akasimama chini yake ajipime. Utosi wake uliugusa barabara. Miaka michache baadaye familia ile iliamriwa kuondoka, na asubuhi moja wakavushwa na mizigo yao kwenda kwenye treni. Hawakurudi.

"Baba yangu ndiye aliyewavusha," bibi akasema. "Alisema hakuwa na la kufanya. Labda. Lakini aliwavusha, na mimi nilisimama ukingoni nikampungia mkono."

Waliohamia katika nyumba ile walipiga lipu upya, na mstari ukapotea. Kwa hiyo alipofika Birmingham aliichora yote mlangoni pake, ya kwao juu na ule mmoja chini, urefu wa mtoto asiye na kaburi wala picha.

"Hiyo mingine iache," akasema. "Ni maji tu."

Mara ya kwanza walimfuta kwa lipu. Mara ya pili nilimfuta mimi, kwa magadi. Nilimwomba msamaha, akasema sikujua, na ni kweli sikujua, lakini ukweli huo haukunisaidia kitu. Nilishika penseli nikamwonyesha: hapa? Hapa? Akasema hajui tena, akalia, na chai ikapoa. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu utotoni.

Nilipotoka nikampigia yule dada Mzanzibari.

"Dada, nimeharibu vibaya. Nime-scrub ile mistari ya jikoni."

"Wewe! Ule anaougusa?"

"Kwani anaugusa?"

"Kila jioni nikimtoa jikoni kwenda kulala. Huniambia simama, akaweka kidole, ndiyo twende. Mie nikidhani ndiyo dua yao. Njoo jioni. Usimuulize kitu. Mkono ushazoea, utafika wenyewe."

Nikaenda, ingawa haikuwa zamu yangu. Dada akasukuma kiti kama siku zote. Bibi alikuwa amefumba macho kwa uchovu. Mlangoni akasema "simama," mkono ukainuka hadi usawa wa macho yake, na kidole kikakaa kwenye ubao. Hakikutafuta. Nikachora mstari chini ya ukucha wake.

Akafumbua macho. "Ndiyo. Alikuwa mfupi kuliko mimi." Kisha, kwa mara ya kwanza, akanitajia jina la yule mtoto, akanirudisha mara tatu mpaka nikalitamka sawa.

Mwanawe alifika akamkuta hai, na baada ya wiki chache akamzika. Akaniomba niisafishe nyumba kabla haijauzwa. Shule zilikuwa zimefungwa, nikaenda na binti yangu wa miaka sita, aliyezaliwa hapa hapa, ambaye Kiswahili anakisikia ila hujibu kwa Kiingereza. Nilipoingia jikoni na ndoo nilimkuta amesimama wima, mgongo kwenye mwimo, kiganja utosini. Kiganja kilikuwa kimeugusa mstari.

"Mum, who's this?"

"Ni msichana," nikasema. "Alikuwa mkubwa kama wewe."

"What's her name?"

Nikaweka ndoo chini, nikamtajia. Akalikosea. Nikamrudisha mpaka akalitamka sawa.