Meza Niliyoionea Gere

Harufu ya spiriti na vanishi ilinikuta mnadani mwezi uliopita, nikiwa nimemsindikiza wifi yangu katika jengo moja la zamani karibu na Posta. Yeye alikuwa akitafuta vyombo vya maua vya kuweka mapokezi kwenye nyumba yake ya wageni. Ukumbi ulijaa makabati ya msaji, saa za ukutani zilizokwisha kufa, viti vyenye migongo iliyonyooka kama vimekatazwa kucheka, na vyombo vya kaure vyenye maua ya samawati. Pembeni, fundi mmoja alikuwa akiipitishia meza pamba ya mwisho kabla haijaletwa mbele ya wanunuzi. Ile harufu ikanijia puani, ikashuka kifuani. Nikatoa dawa yangu ya kupuliza, nikavuta mara mbili, nikatoka kukaa kwenye ngazi za nje.

Wifi alidhani ni pumu tu. Pumu ilikuwepo, sikatai. Lakini nawaambia ninyi ambalo yeye sikumwambia: zaidi ya pumu, nilikabwa na gere. Mimi, mama wa watoto watatu, nilimwona fundi yule anavyoipapasa ile meza, roho ikaniuma kama nina miaka tisa.

Chekeni kidogo, sitakasirika. Katika maisha yangu nimewaonea gere watu wengi tu, kuanzia mashoga zangu walionitangulia kuolewa hadi jirani yangu mwenye nywele ndefu. Lakini gere yangu ya kwanza, tena kubwa kuliko zote, niliionea meza.

Tulikaa Kariakoo, vyumba viwili vya kupanga kwenye nyumba yenye uwanja wa uani. Baba yangu, Fundi Athumani, alikuja Dar kutoka Newala akiwa kijana, na kazi aliyoipata ndiyo aliyozeeka nayo: kutengeneza samani za kale. Familia za maghorofa ya mjini zikihama, au mkubwa wao akifariki, dalali mmoja aliyeitwa Mzee Salehe alikusanya vitu vyao akavileta kwetu kwa mkokoteni. Vilifika vimechubuka, miguu imelegea, droo hazifunguki. Baba alivirudishia ujana pale uani, chini ya mabati, halafu Jumamosi asubuhi Mzee Salehe akavipiga mnada.

Baba alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, na sijaona fundi mwingine wa hivyo. Kwao, msichana akivunja ungo huwekwa ndani, hufundwa, na haonekani na watu mpaka siku ya kutolewa. Basi baba naye kila samani iliyofikia hatua ya vanishi aliiita mwali. Alisimika fito nne kuizunguka, akatandaza khanga juu yake na pembeni kama chandarua, ili vumbi la Kariakoo na moshi wa majiko ya uani visiiguse. Hapo ndani ya khanga alikuwa akiingia yeye tu, na kile kidonge cha pamba alichokifunga kwenye kitambaa laini, akichovya kwenye vanishi ya magamba ya kahawia yaliyorowekwa kwenye spiriti. Alipaka kwa duara ndogo ndogo, taratibu, mkono hausimami, huku akizungumza nayo. "Tulia mwali wangu. Geuka kidogo mama. Aa, hapo sawa."

Mama yangu alikuwa mtu wa Lindi, mdomo wake haukosi chumvi. Kila asubuhi aliuliza kwa sauti ili nyumba nzima isikie, "Baba Somoe, mke mwenzangu ameamkaje?" Wapangaji walicheka. Baba naye alicheka. Mimi Somoe mwenyewe sikucheka, kwa sababu niliona haina mzaha hata kidogo. Baba alimpapasa yule mke mwenza kutwa nzima. Mimi nikisogea hatua mbili tu kuelekea kwenye khanga, alinipigia kelele: "Somoe! Rudi nyuma! Nimesema rudi!"

Hakuwahi kunibeba. Hakuwahi kunishika kichwa kama baba za wenzangu walivyofanya wakirudi kazini. Jioni alikwenda kuoga muda mrefu, kwa sabuni na ndimu, kisha akakaa barazani peke yake kupunga upepo, na alipoingia ndani mimi nilikuwa nimeshalala. Kifua changu kilikuwa kibovu tangu zamani, kinapiga miluzi, na aliyenifunika shuka nikavuta mvuke wa majani ya mkaratusi alikuwa mama siku zote. Baba alisimama mlangoni akiniangalia. Nikajiambia, huyu hanipendi, anapenda mbao.

Mwaka niliotimiza miaka tisa, Mzee Salehe alileta vitu vya familia moja iliyokuwa inahama ghorofa yake ya mjini. Kulikuwa na vyombo viwili vya maua vya kaure, pacha, vinavyonifika kiunoni, na meza ya kujipambia yenye vioo vitatu. Jamani, ile meza! Miguu yake imepinda kama ya paka anayejinyoosha. Baba aliizunguka mara tatu, kisha akamwomba mama khanga yake ya Idi. Siyo kuukuu, ya Idi. Mama akatoa.

Wakati huohuo madrasa yetu ilikuwa na hafla pale kwenye viwanja vya Mnazi Mmoja, Jumapili baada ya adhuhuri, na ustadhi alinichagua mimi kutoa kaswida ya beti nne mbele ya wazazi. Mama alikuwa ndani na arobaini ya mdogo wangu, kwa hiyo hakuweza kutoka. Huyo mtoto mchanga sikumwonea gere, alikuwa analia tu. Baba ndiye aliyeahidi. "Nitakuja," alisema, akiwa ndani ya khanga, hata uso wake sikuuona.

Nilivaa kanzu nyeupe na mtandio mpya. Nikapanda jukwaani, nikaimba ubeti wa kwanza, nikaimba wa pili, macho yangu yakitafuta kwenye viti vya wazazi. Baba wa Mwajuma yupo. Baba wa Tatu yupo. Kiti cha pembeni kitupu. Kwa kutafuta huko nikapotea, nikaimba ubeti wa pili kwa mara nyingine, ustadhi akakunja uso, nikaenda wa tatu na wa nne na kushuka. Nilirudi na majirani. Baba alikuwa uani, mkono unazunguka, jasho linamtoka.

"Hukuja," nilimwambia kwa mbali.

"Vanishi ikianza haiachwi njiani," alijibu. Hakugeuka.

Sikumwambia mtu kwamba nilikosea. Wiki nzima nilikaa nikiitazama khanga ya mama inavyotikisika.

Ijumaa asubuhi alipaka mkono wa mwisho wa vanishi, maana mnada ulikuwa kesho yake. Adhuhuri akaenda msikitini. Mama alikuwa ndani ananyonyesha. Nikafunua khanga, nikaingia.

Vioo vitatu vilinionyesha Somoe watatu, wote wamenuna. Juu ya meza kuling'aa kama maji. Nikauona uzuri wake, na uzuri huo ndio ulionizidishia hasira. Nikainua mkono wangu wa kulia, nikafungua vidole vyote vitano, nikaubandika katikati ya meza, nikaukandamiza kwa nguvu zangu zote. Vanishi ilikuwa haijakauka barabara. Ilinishika. Nilipoutoa mkono ulitoka kwa kunata, na pale mezani ukabaki mwingine, mzima, na mistari ya kiganja. Kifua kikaanza kupiga miluzi, nikatoka nakohoa.

Nitawaambia kitu cha aibu. Nilitaka anichape. Nilikaa kwenye kizingiti cha jiko nikimsubiri, mkono unanata, nikifikiri kwamba ili anichape itabidi anishike.

Alirudi, akafunua khanga, akaingia. Akatoka akautazama mkono wangu kutoka upande wa pili wa uwanja. "Kanawe," akasema. "Kwa ndimu. Na usikae huku, nenda barazani kwenye hewa." Basi. Hata kibao hakunipa! Nililia mpaka mama akadhani nimechapwa.

Jumamosi mkokoteni ulipofika, Mzee Salehe aliuona ule mkono akashika kiuno. "Fundi! Hii nini?" Lakini dalali hakosi dawa. Akachukua chombo kimoja cha kaure, akakiweka juu ya alama, pacha wake akamweka sawa upande wa pili. Akarudi nyuma kutazama. "Kwisha. Tunauza vyote pamoja." Baba aliniambia nivae viatu, tunaenda wote. Alitangulia yeye, mimi nyuma hatua kumi, na kila nilipotaka kumfikia aliongeza mwendo.

Mnada ulikuwa ukumbini, mjini. Mzee Salehe aligonga kengele, akaziuza saa na viti, kisha ikafika zamu ya mwali. Khanga ya mama ilipotolewa watu waliguna kwa raha. Mama mmoja mwenye hoteli, amejaa dhahabu mikononi, alipandisha bei hadi wenzake wakanyamaza. "Mara ya kwanza!" Mzee Salehe akapiga kelele. "Mara ya pili!"

"Ngoja," alisema baba. Hakuwa mtu wa kusema mbele za watu, na sauti yake ilitoka nyembamba. "Mama, samahani. Inua kwanza hicho chombo."

Mama wa hoteli akakiinua. Wote wakauona mkono. Watu wakaangua kicheko, mimi nikajificha nyuma ya kabati.

"Mkono wa nani huu?" aliuliza mama yule.

"Wa mwanangu."

"Basi ifute, upake upya," Mzee Salehe alidakia haraka, jasho linamtoka. "Mama atasubiri wiki moja, sivyo mama?"

"Sifuti," alisema baba.

Mzee Salehe alimwita pembeni, akambembeleza, akamfokea, baba akawa ni yaleyale. Mwisho mama wa hoteli akanunua vile vyombo viwili vya maua peke yake akaondoka, na Mzee Salehe akasema kwa hasira meza hiyo baba aichukue iwe malipo yake ya mwezi mzima, asimwulize kitu kingine. Baba akasema haya. Mwezi ule tulikula mchicha mpaka mdogo wangu alikuwa ananyonya mchicha.

Mimi nilielewa nilivyoelewa: baba hakutaka kufuta ili nione kosa langu kila siku. Yule mke mwenza, badala ya kuuzwa, alipokauka harufu akahamia chumbani kwetu moja kwa moja, na mkono wangu kifuani kwake. Nikawa najitazama kwenye vioo vyake huku nimeinua macho nisiione alama. Niliolewa nikatoka nyumba ile bila kumsamehe baba, yeye na meza yake.

Miaka kumi na kitu iliyopita, mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na baba ameacha kazi, mikono inatetemeka. Siku moja asubuhi nilikwenda kumsalimia bila kumwarifu. Mlango ulikuwa wazi. Nikamkuta amekaa mbele ya ile meza, anaifuta kwa kitambaa kikavu, duara ndogo ndogo, na anaimba chini chini. Ilikuwa kaswida yangu. Akaimba ubeti wa kwanza. Akaimba wa pili. Akaurudia wa pili. Kisha wa tatu.

Nikavua viatu, nikasogea.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umeingia saa ngapi?"

"Umerudia ubeti wa pili."

"Ndivyo inavyoimbwa."

"Haiimbwi hivyo, baba. Unaimbwa mara moja."

"Wewe uliurudia," alisema. "Ulikuwa unaangalia kwenye viti."

Nikamuuliza alikuwa wapi. Akasema ng'ambo, upande wa pili wa barabara, kwa wauza kahawa. Aliikimbia vanishi ikiwa katikati, akaja na nguo za kazi, ananuka spiriti mwili mzima. "Ningekaa pale mbele kifua chako kingebana, usingemaliza." Akanieleza kama habari ndogo tu: nilipokuwa na miaka miwili nilitambaa chini ya kabati alilokuwa akilipaka, alipogeuka kunitazama midomo imekuwa ya bluu, akanikimbiza hospitali miguu peku. Daktari akamwambia harufu ile itamuua mtoto huyu. Kazi nyingine hakuijua. Akaamua yeye ndiye atakayekaa mbali nami, akamkataza mama kunieleza, nisije nikajiona mgonjwa.

"Sasa siku ile mnadani?" nilimuuliza. "Kwa nini hukufuta?"

Aliona haya, mzee wangu. Kidole chake kilikuwa kimeshapita kwenye alama, kidole kwa kidole, kutoka kidole gumba mpaka cha mwisho.

"Huu nilikuwa naweza kuushika hata nikiwa kazini," alisema.

Kisha akasema, "Lete." Sikuelewa. Akauchukua mkono wangu mwenyewe, akauweka juu ya goti lake, akaanza kuupangusa na kile kitambaa, taratibu, kwa duara ndogo ndogo, mkono hausimami. Hakukuwa na harufu ya kitu chochote isipokuwa sabuni.

Baba hayupo tena. Meza iko chumbani kwangu, na watu wa mnada wamekwisha kuiulizia mara mbili, wakisema alama ile inafutika kwa kazi ya siku moja. Nawakaribisha chai, wanakwenda zao. Jumamosi huwa naifuta mwenyewe kwa kitambaa kikavu, na nikifika kwenye ule mkono mdogo wa katikati, jamani, nasema kweli, bado nauonea gere. Ndio alioushika miaka yote ile.