Molu na Malkia wa Mfupa

Mzee Molu alikuwa fundi wa akala, viatu vya mpira wa tairi, na mimi nilikuwa jirani yake sokoni Isiolo, nikiuza viazi na kabichi kutoka Meru. Ndugu zangu walinionya nihame. Ilikuwa miaka ya vita vya shifta, serikali ikiwasaka waasi wa kaskazini, na kukaa ubavuni mwa Mborana kulitosha kukuingiza midomoni mwa watu. Niliwajibu kwamba viazi vyangu havina kabila, nikabaki. Kusema kweli, kivuli cha kibanda chake kilinifaa, na ubishi wake ulinifaa zaidi.

Ubishi wenyewe ulihusu mchezo mmoja tu wa sataranji. Ujanani, wakati wa vita vya Wazungu, Molu aliandikwa askari wa kulinda wafungwa wa Kiitaliano kule Nanyuki. Mfungwa mmoja aliyechoka kukaa bure alimfundisha kucheza, kisha akamkaririsha mchezo mmoja wa kale, hatua kwa hatua, mpaka ukamkaa kichwani. Wenzake walirudi kutoka jeshini na makoti, yeye akarudi na huo. Kete nyeusi alizikata kwa mpira wa tairi, na nyeupe alizichonga kwa mifupa ya kuomba buchani. Malkia mweupe alikuwa wa mfupa wa ngamia, mrefu kuliko wote, laini kwa kushikwashikwa.

Molu alisema mchezo huo ulichezwa Paris zaidi ya miaka mia moja iliyopita, ndani ya jumba la opera, waimbaji wakiendelea kuimba. Upande mmoja alikaa kijana wa Kimarekani, na upande wa pili mabwana wawili wakubwa wakishauriana. Mwishoni, mfalme mweusi wa wale mabwana bado yuko nyumbani kwake, na mbele yake farasi mweusi amesimama akiziba njia ambayo ngome nyeupe inaitamani. Hapo yule kijana anamchukua malkia wake, kete yenye nguvu kuliko zote, anampeleka hadi mstari wa nyuma wa adui, mahali ambapo farasi anaweza kumla. Farasi hana hiari, asipomla, mfalme wake amekwisha. Anaruka, anamla, na kwa kuruka anaiacha njia wazi. Ngome inaingia, mfalme hana pa kukimbilia.

Kila alipofika hapo Molu aligonga ubao kwa ngumi na kuniangalia, kama kwamba ni yeye aliyewashinda wale mabwana. Nilimwambia kwamba mchezo huo ungebuniwa na mwanamke, angetolewa mfalme kwanza. Alicheka hadi msumari ukamponyoka mdomoni.

Aliyejua kubishana naye sawasawa alikuwa binti yake, Bisharo, aliyemaliza darasa la nane akawa anamsaidia kukata mikanda ya akala. Mama yao alikuwa amefariki, wakabaki watatu, Molu, Bisharo na kaka yake Jirma. Bisharo hakuvutiwa na ngumi. Alitaka kujua ingekuwaje kama malkia asingetolewa. Waliitafuta njia nyingine kwa wiki nyingi bila kuipata, kwa sababu yule kijana alikuwa ameshatoa vingi kabla ya hapo. Farasi wake walikuwa wamekwisha, ngome moja imekwenda, na mabwana walikuwa na farasi mmoja zaidi yake. Kama angemweka malkia wake salama, wao wangepata nafasi ya kupumua, na upungufu ule ungemmaliza polepole.

Kisha Jirma akakamatwa. Alikuwa amekwenda Biliqo kumleta nyanya yake mjini, maana huko askari walikuwa wakichukua mifugo na kuwaswaga watu kambini. Msako ukamkuta njiani bila kibali. Habari alituletea dereva wa lori la Merti: Jirma yuko hai, amefungiwa pamoja na wengine wanaoitwa shifta.

Molu akaanza kuzunguka kwa wakubwa. Kila mlango aliacha kitu. Redio ilikwenda, mbuzi wakaenda, na ngamia wa maziwa aliyetunzwa na ndugu yake naye akaenda. Kila mara aliambiwa arudi wiki ijayo. Nilimwona akikonda, na hasira ikanikaba, kwa sababu wale waliokuwa wakimtafuna walininunulia viazi kila asubuhi huku wakinisalimu vizuri.

Hapo ndipo Diba alipokuja. Diba alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu mzima mwenye wake wawili, na nyama ya jikoni kwa askari ilitoka kwake. Alileta kifurushi cha kahawa na tumbaku. Kwa Waborana hiyo ndiyo posa. Baba wa binti akikubali, buni hukaangwa kwa samli, watu wa nyumba wakazitafuna, na neno limeisha. Binti mwenyewe haulizwi. Diba alisema kwa upole kwamba akishakuwa mkwe, shida ya Jirma itakuwa shida yake, na ataongea na anaowajua.

Molu alikining'iniza kifurushi kwenye nguzo ya kibanda bila kukifungua. Siku zilizofuata hakukata akala hata moja. Mwishowe, mchana mmoja soko likiwa limepoa, alipanga ubao kwenye hatua ile ile, akamwita Bisharo.

"Unaona huyu alifanya nini," alisema akimgusa malkia. Sauti haikuwa yake. "Alitoa kilicho kizuri zaidi. Si kwamba hakukipenda."

Bisharo aliutazama ubao, kisha kifurushi. Alielewa. Mimi pia nilielewa, nikaacha kupanga viazi.

"Abba, hapa farasi analazimika," alisema. "Na ngome iko tayari kabla malkia hajatoka. Sasa Diba akishanichukua, nani atamlazimisha aongee? Ngome yako iko wapi?"

Molu aliutazama ubao ule, yeye aliyeujua kuliko njia ya kwake. Bisharo hakuondoa macho kwake. Jioni Molu alichukua kifurushi, akakirudisha kwa Diba kikiwa kimefungwa vile vile. Nilifurahi sana, nikampa Bisharo kabichi ya bure. Nilidhani mambo yameisha.

Diba hakukasirika. Alikipeleka kifurushi kwenye nyumba nyingine iliyokuwa na kijana aliyefungwa pamoja na Jirma. Wao wakazitafuna zile buni, na binti yao Umulkheir akaolewa. Mwezi haukuisha, kaka yake akateremka kutoka kwenye lori hapo sokoni, mchafu, mgonjwa, hai. Mama yake alipiga vigelegele na kulia kwa pamoja. Sisi tulisimama tukitazama, na hakuna aliyethubutu kumwangalia Molu.

Bisharo aliacha kula. Siku ya tatu alikuja kibandani macho yamevimba, akapanga ubao yeye mwenyewe, kila kete mahali pake.

"Nilikosea, Abba. Ngome ilikuwepo," alisema. "Nilijiogopea mwenyewe, nikakupa hesabu ya uongo. Mwite Diba. Bado anataka."

Ningependa kusema kwamba niliona aibu kusikiliza, lakini nilisikiliza kwa masikio yote mawili. Safari hii hakukuwa na kisingizio. Njia ilikuwa imeonekana kwamba inafika, na Jirma alikuwa bado hai upande wa pili wake.

Molu alimshika malkia wa mfupa. Nilidhani atampeleka kule nyuma, kama siku zote. Alimsogeza mraba mmoja tu, kando, karibu na mfalme wake, akamwacha hapo.

"Hivyo unashindwa," Bisharo alisema. "Tulishaitazama hiyo. Una upungufu wa farasi."

"Najua nina upungufu wa nini," Molu alisema. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta. "Nitacheza hivyo hivyo. Wewe kaa hapa."

Alirudi kwa wakubwa wiki iliyofuata, na iliyofuata tena, mikono mitupu sasa. Vita vilipokwisha na watu wakaanza kuachiliwa, alisimama barabarani kila lori la kaskazini lilipoingia. Walirudi wengi. Jirma hakurudi, na hakuna mtu hata leo aliyetuambia alizikwa wapi. Wapo waliosema kwamba Molu alimuua mwanawe kwa ukaidi. Mmoja alinisemea hayo mbele ya meza yangu, nikamwambia akanunue viazi kwingine.

Baadaye kijana mmoja mwalimu alituma wazee wake na kahawa. Wazee waliketi, kifurushi kikawekwa mbele ya Molu, kila mtu akangoja akifungue. Hakukigusa. Alimwita Bisharo kutoka ndani, akamuuliza mbele ya wageni wote kama anataka. Wazee walitazamana, maana hawakuwahi kuona jambo kama hilo. Bisharo alilia kwanza, akamtaja Jirma, kisha akasema ndiyo.