Boti ya Mbao za Jeneza Langu

Mbao ziliegemezwa ukutani nyuma ya nyumba yangu, mvule safi, na hakuna aliyeona haja ya kunificha ni za nini. Nilikuwa nimerudishwa Koboko kutoka hospitali ya Arua nikiwa siwezi hata kujigeuza kitandani. Kaka yangu mkubwa ni mtu wa kujiandaa. Alizinunua mapema kwa sababu, alisema, msiba ukija ghafla watu huuziwa mbao mbovu. Nilizisikia zikishushwa. La kuvunda halina ubani, ndivyo walivyoniona, na siwalaumu kwa hilo.

Ila sikufa. Nilipoanza kutembea, nikakuta familia bado inaishi kana kwamba nimekwenda. Shamba langu la muhogo alikuwa analilima mpwa wangu. Posa ya binti yangu, mtoto wa kumzaa mwenyewe, ilikuwa mikononi mwa kaka. Yeye ndiye aliyepokea ujumbe wa upande wa mume, yeye ndiye aliyejibu. Wazee walinisalimia kwa sauti ya chini, kisha wakaenda kukaa upande wa pili wa uwanja wajadili mahari. Nikisogeza kiti, wananyamaza. Nikiuliza, kaka ananiambia, "Wewe pumzika tu. Sisi iko."

Nilikasirika vibaya. Nikazilaza zile mbao uwanjani, mbele ya nyumba, mahali ambapo kila mgeni wa posa angezikanyaga, nikaanza kutengeneza boti.

Watu waliuliza kwa nini boti na si kitanda. Kitanda ndicho nilichokuwa nimekichoka. Tena boti ni kitu cha kwendea mahali, na Koboko haina mto wa kuibeba, kwa hiyo yeyote aliyeiona alijua mwenye boti ana safari. Hiyo ilinitosha.

Mimi ni fundi cherehani. Maishani mwangu nimeshona sare za shule na suti za harusi, sijawahi kuunda hata kigoda. Nikafungua mifuko mitupu ya saruji, nikachora boti kwenye karatasi zake kama ninavyochora koti, mgongo na mbavu, nikakata mbao kwa kufuata mchoro. Mishono nikaijaza vipande vya vitambaa vilivyobaki kazini, nilivyovichovya kwenye lami. Jirani yangu mmoja, mama aliyetoka Kongo anayeuza samaki wakavu, alisimama akaangalia kwa muda mrefu. "Mutu ya kufa hatengenezake boti," akasema, akaenda zake. Nilimpenda siku hiyo kuliko ndugu zangu wote.

Lakini nilikuwa nimefanya kosa la mshonaji. Kitambaa ukikikata leo, kesho ni kilekile. Mbao si hivyo. Jua la kiangazi lilizikausha mpaka mishono ikaachana, na nilipojikunja ndani ya boti niliona mwanga wa uwanjani kupitia chini. Kaka alikuja kutazama. Hakucheka, alinisikitikia, na hilo ndilo lililoniuma.

Kila mkulima hapa anajua jembe likilegea kwenye mpini unaliloweka, mti unavimba, linakaza. Kwa hiyo nikaenda kisimani na madumu kwenye baiskeli, wakati foleni ya kisima inazunguka kanisa, nikarudi nikamimina maji ndani ya boti. Yakatoka yote. Nikaenda tena. Wenye akili huweka boti majini. Mimi nilikuwa naweka maji ndani ya boti, kiangazi, mbele ya watu wenye kiu. Mke wangu, aliyeniuguza bila kulalamika, hapo alilalamika. "Maji ya kuoga iko wapi, na wewe unapatia boti?" Alikuwa na haki. Niliendelea hata hivyo, na taratibu matone yakapungua, mpaka asubuhi moja nikakuta maji ya jana yametulia mle ndani, na kuku wanakunywa.

Lori la wachuuzi waliokuwa wakienda mto Nile lilitubeba, boti juu ya magunia. Tuliposimama Inde, watu wa sokoni waliuliza kama Koboko kumeingia mafuriko. Kaka alikuja pia, kwa sababu alisema mbao zilizonunuliwa kwa maziko zitamzamisha mtu, na lazima awepo ndugu wa kurudisha mwili. Tulipofika Nile nikamwambia kwamba aliyezinunua mbao ndiye anayepaswa kukaa mbele. Wavuvi walikuwa wanatuangalia, hakuweza kukataa. Akaingia, akashika kingo mbili kwa mikono miwili, mzee wa ukoo mzima.

Boti ilielea. Ilivuta upande wa kushoto kidogo, lakini chini ya miguu yetu palikuwa pakavu. Nikapiga kasia mpaka wavuvi wakawa hawasikii tunachosema. Kaka alitazama sakafu ya boti, akaipapasa, kisha akazungumza bila kugeuka.

"Wakwe inakuja Jumamosi," akasema. "Wewe unasema nini?"

Tangu niugue hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikaendelea na kasia hadi tulipogeuka. Ndipo nikamwambia kiti cha baba wa binti nitakikalia mimi, na yeye akija atakaribishwa chai pamoja na wageni wengine.