Sufuria ya Bi Hatulii

Sokoni walimwita Bi Hatulii, na haki ya Mungu hawakumsingizia. Mwanamke yule kutulia hajui! Mara apange koni za karatasi, mara afute meza aliyokwisha kuifuta, na mdomo nao haufungi. Ukisimama kununua bisi, lazima akueleze kwamba zilianzia ng'ambo ya bahari, kwa wakulima wa kale waliotupia punje kwenye majivu ya moto.

"Ndani ya kila punje kuna tone la maji," atakwambia. "Likipata moto linageuka mvuke, ganda linashindwa, pa!"

Upishi wenyewe si mambo makubwa. Mafuta kidogo, punje za kufunika kitako cha sufuria tu, kifuniko, kisha unatikisa. Kinachobaki ni kazi ya sikio. Zikianza kupasuka kwa kujivuta, moja, kimya, nyingine, unaipua. Ukichelewa umeunguza.

Na siku hizi Bi Hatulii alikuwa anaunguza. Masikio yalikuwa yanaziba polepole, naye hakumwambia mtu. Nani atamwachia jiko la bisi mtu asiyesikia? Wangemkalisha nyumbani, na kukaa bure ndiko alikokuogopa kuliko kifo. Basi akawa anafunua kifuniko kila mara kuchungulia, bisi zinamrukia usoni, wateja wanacheka, naye anacheka nao, roho iko juu juu.

Asubuhi moja akajaribu kuusikiliza mlio kwa mkono, kiganja juu ya kifuniko. Kiganja kikamdanganya. Moshi ukafuka. Wifi yake, dada wa mumewe, aliyeuza juisi meza ya pili, akaja mbio akaipua sufuria mwenyewe, kisha akamzunguka na kusimama mbele yake.

"Wifi, nimekuita mpaka koo limenikauka."

"Nilikuwa na mawazo."

"Mawazo gani hayo ya kila siku? Husikii, wifi yangu."

Machozi yakamtoka pale pale mbele ya wateja. "Usimwambie kaka yako, nakuomba."

"Kaka? Si yeye ndiye aliyenituma nikuangalie! Anasema siku hizi anazungumza na kisogo chako."

"Amekasirika?"

"Anasema nyumba imepoa. Hana tena mtu wa kugombana naye."

Bi Hatulii akacheka na kulia kwa pamoja, kamasi zinamtiririka, aibu na nafuu vimemjaa kifuani. Wifi akavuta kigoda karibu na jiko.

"Haya, pika. Zikianza kujivuta nitakugusa bega. Na kesho ni kwa daktari wa masikio, visingizio sitaki."

Akabandika nyingine. Alipoguswa bega akaipua, bisi nyeupe tupu, hakuna hata moja iliyoungua. Akajaza koni kubwa, akavua aproni.

"Wapi tena?" wifi akamuuliza, macho kwa macho.

"Nyumbani. Kuna mtu anangoja kugombezwa."